Sarafu Hupimwa kwa Mizani

(Maneno yaliyosemwa bwaloni, Masasi, mbele ya Wanafunzi wa Zamani na wanafunzi wa sasa. Yamechapishwa kwa ombi la Mhariri.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu na walimu wote, wazee wenzangu tuliopita hapa, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa sababu viti tumevikalia sisi:

Nilipoombwa kuzungumza leo nilimwuliza Katibu nizungumze juu ya nini. Akanijibu, "Lolote, kaka, ila lisiwe refu." Mtakumbuka kwamba safari iliyopita msemaji wetu alizungumza juu ya maisha mpaka ugali ukapoa. Mimi maisha siyawezi. Nilikuwa keshia wa benki, Masasi kwanza, halafu Newala, kisha Masasi tena mpaka nikastaafu. Ninachokijua ni sarafu. Basi nitawaeleza namna ya kujua sarafu imetengenezwa kwa madini gani, na hasa namna ya kuigundua ile ambayo nje ni kitu kimoja na ndani ni kitu kingine.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 1976 nilikuwa kijana, miaka mitano tu tangu nitoke katika bwalo hili hili, nikikaa dirishani huko Newala. Msimu wa malipo ya korosho ulikuwa umekwisha na foleni ilikuwa fupi. Akaja bibi mmoja mzee sana, mwenye ndonya mdomoni kama walivyokuwa bibi zetu wa Kimakonde. Akafungua upindo wa kanga, akamwaga juu ya kaunta vipande kumi na viwili vya mviringo, vyeusi kama mkaa.

"Mjukuu wangu," akasema, "nitazamie hizi. Ni za baba yangu. Serikali inazitaka bado?"

Akanieleza kwamba baba yake alikuwa mpagazi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba vipande vile vilikaa ndani ya kopo, darini juu ya jiko, tangu yeye akiwa mtoto. Wakati wa Operesheni Vijiji alipohama alibeba jembe, chungu na lile kopo.

Nilishika kimoja. Kilikuwa cheusi na kizito. Kwa elimu yangu ya dirishani, pesa safi ilikuwa nyeupe au nyekundu, na kitu cheusi kizito kilikuwa risasi, ile wanayofungia wavuvi nyavu. Sikukipima. Sikukisugua hata pembeni nisome maandishi. Nyuma ya bibi palikuwa na mtu mmoja mwenye haraka anayekohoakohoa. Nikasema, "Bibi, hizi ni risasi tu. Hazina kazi."

"Haya, mjukuu wangu. Ninyi ndio mnaojua." Akazikusanya. Moja akaniachia, akasema niwape watoto wachezee.

Ile moja niliitumia kukandamizia karatasi zisipeperuke. Miezi kadhaa baadaye nilikuja likizo Masasi nikiwa nayo mfukoni, nikapita hapa kumsalimu mwalimu wetu wa fizikia, ambaye alikuwa hajahamishwa. Aliichukua, akaitazama ukingo wake, akanyamaza. Kisha akaenda maabara akaiweka juu ya mizani: gramu 11.5. Akaifunga uzi, akaitumbukiza majini ikiwa inaning'inia kwenye mizani ile ile: uzito ukapungua kwa gramu 1.12. Akagawanya. Ikawa 10.3 hivi. Akanigeukia akaniuliza, "Wewe nilikufundisha mimi?"

Risasi ingetoa 11.3. Fedha tupu hutoa 10.5, na fedha iliyochanganywa na shaba kidogo hushuka kidogo kutoka hapo. Alipoifuta taratibu kwa kitambaa kibichi ikatokea sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Ilikuwa rupia ya Wajerumani. Katika kila sehemu 1000 za rupia ile, 917 ni fedha, na ilipotoka kiwandani ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, sawasawa na rupia ya India, ambayo ndiyo iliyokuwa tola moja katika mizani ya masonara. Ile sehemu ndogo ya gramu iliyopungua iliondoka katika mikono ya watu kabla ya kuingia kwenye kopo.

Na ule weusi? Vijana wa kemia wanijibu. Fedha huungana na salfa na kufanya ganda jeusi, na moshi wa jiko una salfa. Miaka sitini juu ya jiko! Kile nilichokitumia kuwa ushahidi dhidi ya bibi yule ndicho kilichokuwa ushahidi wake.

Nilirudi Newala, na Jumapili nikamtafuta kijijini. Nilimkuta akibangua korosho. Zile kumi na moja alikwisha kumpa mchuuzi aliyepita, kwa doti moja ya kanga na mche wa sabuni. Nilimweleza nilichokosea. Nilimrudishia ile moja kwa mikono miwili. Kumbukeni kwamba zama za baba yake kodi ya nyumba ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, kwa hiyo katika lile kopo palikuwa na kodi ya miaka minne, jasho la mtu aliyebeba mizigo ya wengine kichwani. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi, akanikunjia kiganja changu juu ya rupia yake. "Kaa nayo," akasema. "Akija mwingine, upime kwanza."

Ninayo hapa mfukoni. Nitaionyesha mwisho.

Sasa mtasema: mzee, sisi hatuna maabara nyumbani. Ndugu zangu, mizani ya kutosha inatengenezwa kwa rula, uzi, vikombe viwili vya plastiki vinavyokuja na dawa ya maji ya watoto, na bomba la sindano la duka la dawa. Ning'iniza rula kwa uzi katikati, kila upande kikombe, tia punje za mchanga upande uliopanda mpaka rula ilale sawa. Weka sarafu upande mmoja. Upande wa pili tia maji kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, mpaka rula ilale sawa tena. Mililita moja ya maji ni gramu moja, kwa hiyo bomba limekwisha kukusomea uzito.

Kisha itoe sarafu kikombeni, ining'inize kwa uzi mwembamba chini ya kikombe hicho hicho, izame ndani ya bilauri ya maji bila kugusa kuta wala sakafu. Utaona upande wake unapanda, kwa sababu maji yanaibeba. Vuta maji kutoka kikombe cha upande wa pili mpaka rula ilale sawa. Yale uliyoyavuta ndiyo ujazo wa sarafu. Gawanya uzito wa kwanza kwa maji uliyovuta, basi umepata densiti. Dhahabu tupu ni 19.3, risasi 11.3, fedha 10.5, shaba nyekundu karibu 9, shaba ya manjano kama 8.5, chuma 7.9, zinki 7.1. Ziandikeni namba hizi mahali. Nakiri kwamba mizani ya rula itababaika kati ya fedha na risasi, maana zimekaribiana. Kati ya dhahabu na shaba ya manjano haibabaiki hata kidogo.

(Wenzetu wa Newala wanatazamana. Najua. Zamani kule, maji ya bilauri moja yalikuwa yamepanda mlima kichwani mwa mtu. Lakini baada ya kupima mnaweza kuyanywa, mkiisha kuitoa sarafu.)

Dhahabu nimeitaja kwa makusudi. Uwanda wetu una historia ambayo wajanja wanaila mpaka leo. Novemba 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck lilipita huku likirudi nyuma, na tarehe 25 likavuka Ruvuma pale Ngomano kuingia Msumbiji. Siku chache baadaye kikosi cha Kapteni Tafel, kilichokuwa kikimtafuta kamanda wake kikamkosa, kikasalimu amri upande wa Newala kwa njaa. Tangu hapo hakuna mbuyu, hakuna mwamba wa Masasi, ambao hujasikia kwamba Mjerumani alizika mali chini yake.

Ni kweli Wajerumani walipiga sarafu ya dhahabu hapa nchini. Vita ilipowakatia njia ya bahari, mwaka 1916 walitengeneza fedha za dharura Tabora, katika karakana ya reli: heller 5 na heller 20 za shaba waliyoipata, yakiwemo maganda ya mizinga, na rupia 15 za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Rupia 15 ina picha ya tembo na mlima nyuma yake, na chini yake herufi T ya Tabora. Zilipigwa zipatazo 16,000 tu, na mnamo Septemba 1916 Tabora ikachukuliwa na Wabelgiji. Kila moja ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake ni dhahabu.

Mwenzetu mmoja, wa mwaka wangu, ameniruhusu niseme yake bila jina, ingawa anavyocheka pale mbele mtamjua. Alijiwa nyumbani na mtu mpole mwenye tembo wa Tabora ndani ya kitambaa. Sasa sikilizeni ujanja. Mwuzaji mwenyewe ndiye aliyetoa sumaku mfukoni! Akaisogeza kwenye sarafu, sarafu haikusogea. "Unaona, mzee wangu? Ingekuwa chuma ingeruka." Mwenzetu, ambaye alipata alama nzuri za sayansi kuliko mimi, aliridhika. Zikaenda korosho za msimu mzima pamoja na ada ya binti yake, na binti akakaa nyumbani muhula mmoja.

Aliponiletea, tuliipima kwa rula na bomba la sindano, juu ya meza ya kulia chakula. Gramu 5.1 badala ya 7.17. Maji tuliyoyavuta ni mililita 0.6. Mwenye kalamu agawanye: 8.5. Ilikuwa shaba ya manjano iliyochovywa dhahabu, na ganda lenyewe jembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Ya kweli ingevuta karibu nusu mililita tu, na densiti yake ingekaribia 15. Hapo ndipo mchovyaji anaposhindwa: anaweza kuiga rangi, picha na tembo mpaka mkonga wake, lakini hawezi kuitia shaba uzito wa dhahabu. Akitaka gramu zitimie lazima aifanye sarafu nene karibu mara mbili, nawe utaiona.

Kwa hiyo jueni kazi ya sumaku na mpaka wake. Sumaku ikivuta, ndani mna chuma au nikeli, na fedha au dhahabu unayoambiwa haipo. Sumaku isipovuta, hujajua lolote, maana shaba haivutwi, risasi haivutwi, zinki haivutwi, bati halivutwi. Na anayekuambia ana rupia inayovuta punje za mchele, mwombe kwanza akupikie huo mchele.

Ujanja huu si wa kwetu peke yetu. Ndugu yetu mmoja anayeishi Marekani alinitumia mfuko wa senti za huko, nami nikazichambua kwa raha ya mstaafu. Mwaka 1943 Wamarekani walihitaji shaba kwa vita, wakapiga senti za chuma zilizopakwa zinki, nyeupe pe. Vipande vichache vya shaba vilisalia mashineni vikapigwa kwa bahati mbaya, na hivyo vichache sasa vina bei ya kutisha. Basi watu wakazichovya zile za chuma ndani ya shaba. Sumaku huwaumbua. Wengine, wajanja zaidi, wakachukua senti halali ya shaba ya 1948, wakaukata upande mmoja wa 8 iwe 3. Hiyo sumaku haiwezi kuiumbua, maana ni shaba kweli. Lazima utazame tarakimu kwa kioo cha kukuzia.

Mwaka 1982 wakabadilisha tena, safari hii kimyakimya: sura ile ile ya Lincoln, rangi ile ile, lakini ndani zinki na nje shaba ya kuchovya. Mwaka huo zilitoka za aina zote mbili. Macho hayazitengi, mizani inazitenga mara moja: ya zamani ni gramu 3.11, mpya ni gramu 2.5. Ikikwaruzika, zinki yake huliwa kutoka ndani kama jino bovu. Na Novemba 2025 wakaacha kabisa kupiga senti za kutumia, kwa kuwa kila moja iligharimu kuliko thamani yake.

Msidhani hayo ni ya mbali. Fungueni makopo ya bibi zenu. Shilingi yetu ya kwanza ya 1966, yenye Mwalimu upande mmoja na mkono ulioshika Mwenge upande wa pili, ni shaba na nikeli, na sumaku haiigusi. Hapa wanafunzi hubisha: nikeli si huvutwa? Huvutwa ikiwa peke yake. Ikichanganywa na shaba nyingi hivyo, tabia hiyo hupotea. Shilingi ya 1987 yenye Mzee Mwinyi, Mwenge ule ule, inaruka kwenye sumaku, kwa kuwa ni chuma kilichovikwa nikeli. Shilingi 10 yenye sura ya Mwalimu ndiyo senti yetu ya 1982. Za 1987 hazivutwi, za 1990 zinavutwa, na ukiziweka pamoja mezani hujui ipi ni ipi mpaka usome mwaka. Shilingi 50 ya kifaru na shilingi 100 ya swala, mnazonunulia maandazi, ni chuma kilichochovywa shaba ya manjano. Shilingi 500 ya nyati iliyotoka 2014 ni chuma kilichochovywa nikeli. Hayo si udanganyifu, ni Benki Kuu kubana matumizi. Lakini zitawafundisha macho. Tafuteni moja iliyokaa muda mrefu mchangani au kwenye jasho, mtazame ukingoni na kwenye sehemu zilizoinuka: ganda hufa hapo kwanza, na kutu nyekundu ikachungulia. Sarafu ya madini mamoja huchakaa, lakini haibadiliki rangi kadiri unavyoingia ndani.

Iko moja inayomtoa jasho hata keshia. Shilingi ya simba ya Afrika Mashariki, ya mfalme, kuanzia 1921 hadi 1946, ina fedha robo tu, iliyobaki karibu yote ni shaba. Ikiwa mpya ni nyeupe nzuri, ikichakaa shavu la mfalme huwa la manjano, hata mtu huapa kwamba imechovywa. Haikuchovywa. Kuanzia 1948 fedha ikaondolewa kabisa, ikawa shaba na nikeli, simba yule yule, uzito karibu ule ule. Sumaku haisemi kitu, na mizani ya rula haitoshi. Hapo soma mwaka, basi. Nimeona watu wakitupa ile iliyogeuka manjano na kuhifadhi ile nyeupe, yaani wakitupa yenye fedha na kuweka isiyo nayo, nami nikajikumbuka.

Neno moja juu ya kusafisha. Msisugue kwa majivu, ndimu, ukwaju wala mchanga. Mnaondoa maandishi pamoja na uchafu, na mnunuzi wa kweli hulipia maandishi. Ninyi wa maabara, tindikali iacheni kabatini.

Ndugu Mwenyekiti, Katibu ananionyesha saa. Mezani pale, kando ya ndoo, kuna sinia lenye vipande kumi. Rupia ya bibi ni mmojawapo, na tembo wa mwenzetu ni mwingine, kwa ruhusa yake. Vingine vimetoka kwenye makopo ya nyumbani kwangu, na kimoja nimekichovya mwenyewe. Mwalimu wa fizikia ana orodha ndani ya bahasha iliyofungwa. Rula zipo, uzi upo, mabomba ya sindano yapo matano. Vijana waanze. Wazee tutasubiri zamu yetu, na hakuna kuikodolea macho bahasha.